Shajara ya mradi: ramani ya hidrojeni na vumbi katika jeti ya HH 211

Lengo

HH 211 ni jeti ya gesi inayorushwa na nyota ambayo bado inajengwa, ndani ya wingu la vumbi la Perseus, jirani na kundi la nyota la IC 348. Umbali wake ni parseki 321 hivi, zaidi kidogo ya miaka nuru 1,000. Mark McCaughrean, John Rayner na Hans Zinnecker waliitangaza mwaka 1994 baada ya kuiona kwa infraredi, maana mwanga wa kawaida haupenyi wingu lile. Mwaka 2022 Darubini ya James Webb iliipiga picha kwa kamera ya NIRCam, na mwaka 2023 Tom Ray na wenzake wakaonyesha kwamba jeti hii karibu yote ni molekuli. Chembe zilizopoteza elektroni, ambazo ndizo tumezizoea katika jeti za nyota zilizokomaa kidogo, humu ni haba mno.

Mradi huu unatumia data hizohizo, ambazo ziko wazi kwa kila mtu katika hifadhi ya MAST, ghala la mtandaoni la data za darubini za anga. Tunataka ramani mbili zilizolingana pikseli kwa pikseli. Ya kwanza ni nguvu ya mstari (mwanga wa wimbi moja mahususi) wa hidrojeni ya molekuli wa mikromita 2.122. Ya pili inaonyesha kiasi cha vumbi kilichosimama kati yetu na kila fundo la jeti, yaani kila sehemu yake iliyojikusanya na kung'aa. Bila ramani ya pili, ya kwanza inapotosha: fundo hafifu laweza kuwa lenye gesi nyingi ila limefunikwa tu.

Kupata data (imekamilika)

Anayetafuta filta kwenye MAST ajue kwamba NIRCam ina magurudumu mawili kwa kila mkondo wa mwanga. Filta nyembamba kadhaa hazikai kwenye gurudumu la filta, zinakaa kwenye gurudumu la pili, na hufanya kazi zikiwa zimefuatana na filta pana. Ukisoma kichwa cha faili la F323N (tarakimu ni urefu wa wimbi, mikromita 3.23; N ni nyembamba, M wastani, W pana) utakuta FILTER ni F322W2 na PUPIL, yaani gurudumu la pili, ndiyo F323N. F164N hufuatana na F150W2. F466N na F470N hufuatana na F444W. Programu inayosoma neno FILTER peke yake itachanganya picha za mstari mmoja na picha za kitu kingine kabisa, na kosa hilo halitoi onyo lolote. F210M, F212N na F335M ziko kwenye gurudumu la filta, hazina tatizo hilo.

Kuhusu ukubwa wa faili, hasa kwa anayelipia bando: kitambuzi kimoja kina pikseli 2048 kwa 2048, kila pikseli baiti 2, kwa hiyo kila usomaji mmoja ni MB 8 na ushee. Upigaji wenye usomaji kumi kwa vitambuzi vyote kumi unakaribia MB 840, na hapo hujaugusa mpangilio wa kusogeza darubini kidogokidogo. Faili za rate, zilizokwisha kugeuzwa kuwa mwendo wa chaji kwa sekunde, ni MB 84 hivi kwa kila kitambuzi. Tulichukua uncal, yaani data ghafi, kwa vitambuzi vinavyobeba jeti yenyewe, na rate kwa vilivyobaki. Jeti nzima ina urefu wa sekunde za tao 100 hivi, na upande mmoja wa NIRCam huona dakika za tao 2.2, hivyo hakuna haja ya kushusha kila kitu.

Usafi wa hatua ya kwanza (imekamilika)

Uchakataji unafuata hatua tatu rasmi za kifurushi cha jwst: Detector1, Image2, Image3. Kabla ya chochote weka CRDS_PATH na CRDS_SERVER_URL, kisha andika namba ya muktadha wa CRDS, mfumo unaotoa faili za marejeo za usahihishaji, kwenye shajara. Faili za marejeo hubadilika, na ramani iliyotengenezwa kwa miktadha miwili tofauti haiwezi kulinganishwa kwa asilimia chache, ambazo ndizo tunazozitafuta hapa.

Ndani ya Detector1 kilichohitaji kuwashwa ni expand_large_events kwenye hatua ya jump, inayotafuta miruko ya ghafla ya chaji. Miale ya anga yenye nguvu kubwa huacha duara la mng'ao ambalo programu ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida hukata katikati tu, ukingo wake ukabaki kama pete. Pete hiyo ikiangukia kwenye jeti inafanana mno na mshtuko wa upinde mdogo (wimbi la mshtuko lenye umbo la upinde mbele ya gesi inayokimbia), na hapo ndipo hatari ilipo.

Mistari ya mlalo inayotokana na kelele za umeme wa usomaji ndiyo iliyotula muda. Njia ya kawaida ni kutoa namba ya kati ya kila mstari wa pikseli. Kwenye anga tupu inafanya kazi vizuri. Kwenye HH 211 ukungu wa mwanga uliotawanywa na vumbi hujaza sehemu kubwa ya mstari, namba ya kati inabeba mwanga halisi, na ukiitoa unapata ukanda mweusi kushoto na kulia kwa jeti. Ukanda huo ukiingia kwenye hesabu ya mandharinyuma, mafundo yote yanaonekana kung'aa kuliko yalivyo.

Tulichofanya: kwanza tunatengeneza kinyago (orodha ya pikseli zisizoingia kwenye hesabu) cha vyanzo vyote, jeti na ukungu wake zikiwemo, kwa kizingiti cha chini, halafu kinyago kinapanuliwa pikseli kadhaa kila upande. Kitambuzi husomwa kwa njia nne, kila moja safuwima 512. Namba ya kati inahesabiwa kwa kila njia peke yake pale pikseli zisizofunikwa zikiwa za kutosha. Pale ambapo kinyago kimemeza karibu njia nzima, inatumika namba ya kati ya mstari wote. Matoleo ya karibuni ya kifurushi yana hatua ya clean_flicker_noise inayofanya jambo hilihili. Ni nzuri, lakini kinyago chake cha kujitengenezea hakikamati ukungu hafifu, kwa hiyo tunaipa chetu.

Kwenye vitambuzi A3, A4, B3 na B4 vya mawimbi mafupi kuna mawingu ya mwanga uliopotoka kutoka kwenye nguzo ya kioo cha pili. Dalili yake ni moja na ni ya kuaminika: wingu hilo linakaa palepale kwenye kitambuzi darubini ikisogea, ilhali jeti inasogea pamoja na nyota. Tunalinganisha picha za misogeo miwili kabla ya kuamini muundo wowote mpana na hafifu katika sehemu hizo.

Kulinganisha picha (imekamilika)

Hatua ya tweakreg, inayopanga picha kwa kulinganisha nyota, ikiachwa ilivyo huchukua mafundo ya jeti kama nyota. Fundo moja lenye kilele kikali linatosha kuvuta mlingano, na kwa kuwa linang'aa kwenye F212N lakini si kwenye F210M, filta mbili zinapishana. Suala la pili ni kwamba nyota za katalogi ya Gaia, chombo cha anga kinachopima nafasi za nyota, ni chache nyuma ya vumbi hili, na nyingi kati yake zimejaza kitambuzi kupita kiasi.

Utaratibu uliokubali: F212N inalinganishwa na Gaia DR3, kwa sababu filta nyembamba hubakiza nyota nyingi bila kujaa. Nafasi za Gaia ni za mwaka 2016.0, kwa hiyo zinasogezwa kwanza hadi tarehe ya upigaji. Kisha tunatoa orodha ya nyota hafifu kutoka kwenye F212N iliyokwisha kuwekwa sawa, tukifuta kwa mkono chochote kilicho ndani ya eneo la jeti, na filta nyingine zote zinalinganishwa na orodha hiyo. Pikseli za mawimbi mafupi ni sekunde za tao 0.031, za mawimbi marefu 0.063.

Kutoa mwanga mfululizo (imekamilika kwa 2.122, inaendelea kwa 3.235)

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo namba nyingi zinazosambazwa hupotoka. F212N ina upana wa mikromita 0.027 na inabeba mstari wa 2.122 pamoja na mwanga mfululizo (ulioenea kwenye mawimbi yote, si mstari mmoja) wa nyota na vumbi. F210M ina upana wa 0.205 na hutumika kukadiria huo mwanga mfululizo. Watu wengi hutoa moja kwenye nyingine, wanazidisha kwa 0.027, basi.

Lakini F210M inafunika mikromita 1.99 hadi 2.20, na 2.122 imo humohumo. Unapotoa F210M unatoa pia sehemu ya mstari unaoutafuta. Tukichukulia filta zina umbo la mstatili, nguvu ya mstari ni tofauti ya picha mbili ikigawanywa kwa (1/0.027 − 1/0.205), sawa na kuzidisha kwa 0.0311. Njia ya mkato hupoteza asilimia 13.

Hata hiyo haitoshi. F210M inabeba pia mistari mingine ya hidrojeni: 2.034, 2.073 na 2.154. Kwa gesi ya kelvini 2,000 mistari hiyo kwa pamoja inakaribia nusu ya nguvu ya 2.122. Ikiingizwa, kizidisho kinapanda hadi 0.0335 na upotevu wa njia ya mkato unafika karibu asilimia 20. Gesi ikiwa moto zaidi, mistari inayotoka kwenye ngazi ya pili ya mtetemo inaongezeka na kizidisho kinapanda tena. Tunatumia 0.0335 kwa jeti nzima na tunabeba tofauti hiyo kama shaka ya kipimo, kwa sababu halijoto ya kila fundo haijulikani kwa picha peke yake.

Kizidisho cha ulinganisho kati ya F212N na F210M kwenye mwanga mfululizo si 1 kamili. Katikati ya filta hizo mbili pako tofauti kidogo, na nyota iliyofunikwa na vumbi ni nyekundu, hivyo inang'aa zaidi kwenye 2.12 kuliko 2.10. Tunakipata kutoka kwenye nyota zisizojaa, kisha tunakipata upya kutoka kwenye ukungu uliotawanya mwanga karibu na chanzo. Vikitofautiana, cha ukungu ndicho kinachotumika ndani ya ukungu, kwani ndicho kinachoifuta mandharinyuma ya jeti. Nyota zitaacha pete nyeusi na nyeupe baada ya kutoa. Hilo ni umbo la nuru ya darubini linavyobadilika na filta, wala si gesi.

Kigezo cha kujua kama kutoa kumefaulu ni kuangalia mahali pasipo na jeti kando ya mhimili wake, unaokwenda kusini-mashariki hadi kaskazini-magharibi. Pale thamani ziwe zinacheza karibu na sifuri pande zote mbili. Zikiwa chini ya sifuri upande wa chanzo tu, kizidisho cha ulinganisho ni kikubwa mno.

Kwa anayetaka kugeuza vipimo: picha ziko katika MJy (megajanski, kipimo cha mng'ao) kwa steradiani. Kwa kizidisho cha 0.0335, tofauti ya 1 MJy/sr kwenye 2.122 ni 2.2 × 10⁻⁸ W kwa mita mraba kwa steradiani. Kasi ya kushuka kwa molekuli kutoka ngazi hiyo ni 3.47 × 10⁻⁷ kwa sekunde, hivyo kuna molekuli 8.6 × 10¹⁴ katika ngazi ya juu kwa kila sentimita mraba ya anga tunayoitazama. Kwa kelvini 2,000 jumla ya hidrojeni ya moto inakuwa 7 × 10¹⁶ hivi. Hiyo ni gesi iliyopashwa na mshtuko peke yake. Gesi baridi ya jeti haitoi mstari huu hata kidogo, kwa hiyo namba hii isitumike kama uzito wa jeti.

Upande wa 3.235 una mtego wake. F323N ina upana wa 0.038 na F335M 0.347. Hesabu ileile inaonyesha upotevu wa asilimia 11 kwa mstari wenyewe, lakini F335M inafunika pia mng'ao wa hidrokaboni kubwa kwenye 3.29, ambao umejaa katika eneo la IC 348 kwa sababu ya nyota zinazoliangaza. Ukitoa F335M yote, mahali penye mng'ao huo panageuka kuwa hasi na fundo lililo juu yake linapungua. Tumeacha kutoa picha nzima. Badala yake tunapima fundo, kisha tunapima ukanda sambamba pembeni yake katika filta zote mbili, na mandharinyuma hiyo ya jirani ndiyo inayotolewa. Mafundo matatu ya mwisho upande wa kusini-mashariki hayajamalizwa kwa njia hii, maana ukanda wa jirani unaingiliana na ukuta wa tundu lililochimbwa na jeti.

Ramani ya vumbi (inaendelea)

Mstari wa 2.122 na mstari wa 3.235 hutoka kwenye ngazi moja ya juu ya molekuli. Hilo ndilo linalotufanya tushughulike na F323N licha ya matatizo yake yote. Uwiano wao hautegemei halijoto wala wingi wa gesi, unategemea viwango vya kushuka tu: 2.09 × 10⁻⁷ dhidi ya 3.47 × 10⁻⁷. Ukizingatia na nishati ya fotoni, mstari wa 3.235 unapaswa kuwa 0.395 ya ule wa 2.122. Ukipima zaidi ya hapo, ziada ni kazi ya vumbi, kwani vumbi hufifisha mawimbi mafupi zaidi.

Tukitumia sheria ya kufifia inayopungua kwa kipeo cha 1.7 cha urefu wa wimbi, kufifia kwenye 3.235 ni 0.488 ya kule kwenye 2.122. Mfano: uwiano uliopimwa ukiwa 0.8, ni mara 2.03 ya unaotarajiwa, sawa na magnitudi 0.77 (kipimo cha mng'ao cha wanajimu, 2.5 mara logi ya uwiano). Gawanya kwa 0.512, unapata magnitudi 1.5 kwenye 2.122. Fundo hilo linang'aa mara 4 zaidi ya linavyoonekana. Ukitumia kipeo cha 2.0 jibu linashuka hadi 1.34. Kosa la asilimia 10 kwenye uwiano huleta kosa la magnitudi 0.2, ndiyo maana asilimia za hatua iliyopita zilitiliwa mkazo.

Kabla ya kugawanya, picha mbili lazima ziwe na ukali sawa. Nuru ya chanzo kidogo ina upana wa sekunde za tao 0.07 kwenye 2.12 na 0.11 kwenye 3.23. Tunatengeneza maumbo ya nuru kwa programu ya STPSF, tunaipunguzia ukali F212N hadi ifanane na F323N, kisha tunaihamishia kwenye pikseli za 0.063. Ukiruka hatua hii, kilele cha kila fundo kinaonyesha vumbi kidogo na ukingo wake vumbi jingi, muundo mzuri wa kuvutia ambao haupo angani.

Kipo kikwazo kimoja ambacho hesabu haikiondoi. Barafu ya maji kwenye punje za vumbi hunyonya mwanga kwenye 3.05 na mkia wake unafika hadi karibu 3.6. Palipo na barafu, 3.235 inafifia zaidi ya sheria tuliyotumia, uwiano unashuka, na vumbi tunalolikadiria ni pungufu. Karibu na chanzo, mahali ambapo wingu ni baridi na zito, thamani zetu zichukuliwe kama kiwango cha chini.

Tumejaribu pia kuongeza mstari wa 4.695 kupitia F470N. Mwanga mfululizo wake ungetoka F460M, ila F460M imejaa mistari ya kaboni monoksaidi ya jeti hiyohiyo, na F466N iko katikati yake. F430M ingesaidia, lakini inakalia barafu ya kaboni dioksaidi ya 4.27. Kwa picha peke yake hakuna filta safi hapo, na mstari huo hautumiki kwenye ramani ya vumbi.

Mwendo wa mafundo (umeanza)

Kwa parseki 321, kasi ya kilomita 100 kwa sekunde ni sekunde za tao 0.066 kwa mwaka, kama pikseli mbili za NIRCam. Tunalinganisha F212N na picha za zamani za 2.12 zilizopigwa na kamera ya ISAAC ya darubini ya VLT, Chile. Kwa miaka 20 fundo la kasi hiyo linasogea 1.3, na pikseli za ISAAC ni 0.148, kwa hiyo mwendo unaonekana hata kwa macho ukizibadilisha picha kwa zamu.

Tahadhari ni moja. Nyota za IC 348 zenyewe zinasogea angani milisekunde 8 za tao kwa mwaka, sawa na kilomita 12 kwa sekunde. Chanzo cha jeti kinakwenda nazo. Kwa hiyo picha mbili zinalinganishwa kwa kutumia wanachama wa kundi, si nyota za nyuma, ili mwendo wa pamoja ujifute.

Kipimo hiki kina maana kubwa kwa swali la molekuli. Ray na wenzake walipata kilomita 80 hadi 100 kwa sekunde karibu na chanzo. Mshtuko wa kasi hiyo ungevunja hidrojeni yote ya molekuli. Haivunjiki kwa sababu gesi mpya inaikuta gesi iliyotangulia ikiwa nayo inakimbia upande uleule, kama gari linalogonga kwa nyuma gari jingine lililo mwendoni. Kinachohesabika ni tofauti ya kasi, nayo ni ndogo. Ramani ya mwendo ikikamilika itatupa tofauti hiyo kati ya fundo na fundo, na hapo tutaweza kuuliza kama mafundo yenye tofauti kubwa ndiyo yanayoonyesha chuma cha 1.644 kwenye F164N. F162M, inayotumika kutoa mwanga mfululizo wa chuma, inabeba mistari ya chuma ya 1.600, 1.664 na 1.677, kwa hiyo kizidisho chake nacho kinahesabiwa upya.

Yanayofuata

Mafundo ya kusini-mashariki kwenye 3.235, kwa kutumia ukanda wa jirani uliokatwa kwa kufuata mkunjo wa ukuta badala ya mstari ulionyooka. Kisha spektra za MIRI, chombo kingine cha Webb, zinazoanza mikromita 4.9 hadi karibu 28: mistari ya mzunguko ya hidrojeni kuanzia 17.03 hadi 5.05 itatoa halijoto ya kila fundo, na kizidisho cha 0.0335 kitabadilishwa fundo kwa fundo. Kwenye mshtuko wa upinde wa kusini-mashariki, ambako darubini ya anga ya Spitzer iliona molekuli za OH zikizunguka kwa nguvu kubwa mno mwaka 2008, tutaanzia hapo, kwa sababu ndipo gesi ilipo moto zaidi na ndipo kizidisho cha pamoja kinapokosea zaidi.